Mgeni wa Mashine ya Kufulia

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya Mtakatifu Nikola na mbili kabla ya uchaguzi, Vidosava alikuwa jikoni akichemsha ngano ya slava, karamu ya kila mwaka ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, na bafuni mashine ilikuwa ikifua mashuka ya mama mkwe. Mama mkwe hakuwa akiinuka kitandani tena, kwa hiyo mashuka yalifuliwa kila siku, iwe sikukuu isiwe. Ilipofika saa moja na nusu, muziki wa taarifa ya habari ulianza kwenye televisheni iliyokaa juu ya kabati, na Olgica wa orofa ya chini akaingia bila kubisha, stuli yake mkononi. Ndiyo ilikuwa desturi ya jengo lile. Taarifa ya habari ilitazamwa kwa Vidosava.

Majirani hawakuja kumsikiliza msomaji. Walikuja kumsikiliza mwenye nyumba akimjibu.

"Nchi yetu haimo vitani," msomaji alisema.

"Haimo," Vidosava akaitikia huku akikoroga ngano. "Vijana wetu wametoka kununua sigara tu, wakapotea njia, na mizinga ikawafuata nyuma kama mbwa."

Olgica alicheka mpaka stuli ikalia. "Vida, shoga yangu, siku moja watakufunga."

"Wanifunge wapi? Magereza yote wameyafungua, waliokuwamo wamepewa bunduki."

"Na Jumapili tutawachagua tena hawahawa."

"Tutawachagua. Sisi ni kuku tunaokipigia kura kisu kwa sababu ni kisu cha nyumbani."

Msomaji alisoma habari za ng'ambo ya mto Danubi, mahali palipokuwa na mji, na Vidosava akasema aliyoyasema, makali na ya kweli. Mdomo huo ndio uliokuwa fahari yake. Mume alikuwa amefariki, kiwanda cha viatu alichofanyia kazi yeye mwenyewe kilikuwa kimefungwa, na katika vitu vyote alivyobakiwa navyo, ulimi wake ndio pekee ambao hakuna aliyeweza kumwambia si safi.

Ila ile mashine. Mwanawe Zdravko alikuwa ameileta vuli ya mwaka uliopita, nyuma ya lori, imefungwa blanketi ambalo nalo halikuwa la kwao. Alikuwa amekaa ng'ambo mwezi mzima na jeshi. "Nimeipata, mama," alisema, wala hakumtazama usoni. Vidosava alikuwa na mikono iliyopasuka kwa kufua mashuka ya mgonjwa kwenye beseni, damu ikitoka kwenye vifundo. Alisema, "Iweke bafuni, angalia usikwaruze mlango." Hilo ndilo neno pekee lililowahi kusemwa katika nyumba ile kuhusu jambo hilo. Mikono ilipona. Aliona haya, na haya yenyewe haikuwa kubwa, ilikuwa kama kijiwe ndani ya kiatu, mtu unaweza kutembea nayo mpaka sokoni na kurudi.

Asubuhi ya Jumamosi padri alikuja, akaukata mkate wa slava kwa alama ya msalaba, akaumwagia divai, akaondoka mbio kwa kuwa nusu ya mji ilikuwa na Nikola huyohuyo. Kufikia jioni meza ilikuwa imejaa. Ilikuwa mfungo, kwa hiyo hakukuwa na nyama wala maziwa. Palikuwa na samaki wa mto, maharagwe ya kuoka, kabichi ya chumvi, na ngano tamu kwenye bakuli ikiwa imenyunyizwa sukari juu. Kichwani mwa meza alikaa Momir, kaka wa marehemu mume, mwenyekiti wa tawi la chama tawala na msimamizi wa kituo cha kura pale shuleni. Upande wa dirisha alikaa Zdravko. Olgica na mumewe walikaa karibu na jiko. Mshumaa mrefu ulikuwa ukiwaka.

Slava haina mwaliko. Anayekuja amekuja. Humuulizi nani kamleta, humwambii muda umekwisha, na kabla hajaketi unampa kijiko aonje ngano. Kengele ilipolia, Vidosava alifungua akiwa ameshika kijiko tayari.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, koti zuri, viatu vina tope, vumbi la chokaa kwenye nywele. Aliitwa Terezija. Alikuwa amekufa mwaka uliopita, mwezi wa Novemba, katika chumba cha chini cha nyumba yake, nyumba ilipomwangukia. Alikuwa ameleta pakiti ya kahawa, kama inavyotakiwa mgeni asije mikono mitupu. Pakiti ilikuwa imetoboka upande mmoja na kahawa ilikuwa imemwagika kidogo kidogo ngazi zote.

"Heri ya Nikola wenu, dada," alisema. "Zamani mimi na mume wangu tulikuwa tunavuka kila mwaka kuja kwa rafiki yake huku. Nikasema mwaka huu nipite kwako."

"Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," Vidosava alijibu, akampa kijiko.

Olgica alisogea, mumewe akasogea, Terezija akakaa. Alieleza kwamba darajani polisi walimtaka kitambulisho, akakosa, wakampisha, kwani amri ilihusu wakimbizi na yeye hakuwa mkimbizi. Hakuvuka peke yake. Walikuwa wengi. Kwa daktari wa meno, orofa ya tatu, alikuwa amekwenda mzee mmoja ambaye alikaa moja kwa moja juu ya zulia na kukataa kiti. Kwa familia ya kona alikwenda binti, akawa anapiga piano, si vibaya. Mezani walisikiliza, wakasema ndiyo, mwaka huu wageni ni wengi.

Momir alimjazia gilasi ya rakija, pombe kali ya plamu. Alikuwa mtu wa watu. "Na kura, mama? Umeandikishwa wapi?"

"Sijaandikishwa popote, baba. Nimekufa."

"Hiyo si shida. Hapa kwetu wafu wanapiga kura tangu enzi za baba yangu. Shida ni kwamba umefia upande ule."

"Ndivyo ilivyotokea," Terezija alisema, akachukua samaki kidogo. Zdravko alikuwa anatazama sahani yake.

Baadaye mgeni aliomba kunawa mikono, akaonyeshwa bafuni, akakawia. Vidosava alimfuata. Alimkuta amekaa ukingoni mwa bafu, mikono magotini, anaitazama mashine. Ilikuwa kazini. Mgonjwa hajui slava.

"Bado inagonga ikianza kukamua," Terezija alisema.

"Inagonga."

"Ni kifungo cha koti la mume wangu. Kiliingia nyuma ya pipa, fundi akashindwa kukitoa. Na mlango bado unakwama?"

"Unakwama."

"Unaupandisha kwa goti."

"Naupandisha kwa goti," Vidosava alisema. Hila ile aliigundua mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, akajiona mjanja. Sasa masikio yalimwaka moto. Watu husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini hapa aliyejua aibu ya mwosha alikuwa maiti, na alikuwa ameketi karibu kabisa, na wala hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Unaitaka?" Vidosava aliuliza kwa sauti ya chini. "Nitamwambia aibebe. Usiku huuhuu."

"Niipeleke wapi, dada? Kwangu hakuna umeme. Hakuna hata kwangu."

"Basi unataka nini?"

"Uwaambie ni yangu. Pale mezani, saa ya taarifa. Unasema vizuri sana. Dirisha lako la jikoni huwa wazi na mto hauna kelele, sisi ng'ambo tunakusikia kila jioni. Ile ya kuku na kisu tulicheka."

"Mwanangu yuko pale mezani."

"Nimemwona."

"Na shemeji yangu yuko. Yeye ndiye aliyelitoa jina la Zdravko kwenye orodha ya wito wa jeshi, asirudi tena vitani. Mkono uliolitoa unaweza kulirudisha. Nikimwita mwanangu mwizi mbele ya wageni, kesho yake uchaguzi, unadhani Momir atameza?"

Terezija aliigeukia tena mashine. Hakuja kubishana. Mashine ilianza kukamua, kifungo kikagonga, na wote wawili wakasubiri kimalize.

Saa moja na nusu muziki ulianza, na meza nzima ikageuka. "Haya, Vida!" mume wa Olgica alisema. "Tupe taarifa!" Momir ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Maneno ya Vidosava aliyapenda mno. Huko tawini alikuwa akisema, nani anathubutu kudai kwetu hakuna uhuru wa maoni, njooni mmsikilize shemeji yangu anavyotuvua nguo.

Msomaji alisema kila kitu ki tayari kwa uchaguzi wa amani.

"Wa amani," Vidosava alisema akiwa amesimama, nyuma yake jiko, mbele yake mshumaa. "Tumevuka mto kwenda kuokoa ndugu, tumerudi na friji. Kumbe ndugu zetu walikuwa na milango miwili na barafu juu!" Walicheka. "Viongozi wetu wanatuambia tusione haya, haya ni ugonjwa wa mataifa madogo. Basi sisi ni wazima kabisa. Kila nyumba mjini humu ina kitu cha marehemu, na marehemu mwenyewe amekaa pembeni anakula samaki, na sisi tunamuuliza ameandikishwa wapi kupiga kura."

Hapo hawakucheka. Olgica aliweka uma chini. Sauti ya msomaji iliendelea peke yake. Vidosava alikuwa na sentensi nyingine mdomoni, fupi, aliihisi juu ya ulimi kama kokwa ya plamu: na bafuni kwangu. Maneno matatu tu na jina la mwenye mali. Alimtazama Terezija, na Terezija alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la posta. Alimtazama Zdravko. Kijana alikuwa amekuwa mwekundu shingoni vilevile alivyokuwa utotoni akivunja kitu, na mkate aliokuwa ameshika ulikuwa umekuwa makombo.

"Wezi," Vidosava alisema. "Haya yao iko wapi, watu hao?"

Watu hao. Meza ilivuta pumzi, kisha ikalipuka kwa kicheko na makofi. "Kweli kabisa, watu hao!" alisema mume wa Olgica. Momir alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Mnaona? Mnaona demokrasia?" Zdravko aliinua kichwa, akamjazia mama yake divai. Terezija naye alipiga makofi, kwa adabu, na vumbi likadondoka kutoka mikononi mwake likatua kwenye ngano.

"Umesema vizuri, dada," alimwambia. Kisha alirudi bafuni.

Usiku ule Vidosava hakulala. Mwanawe alikuwa akikoroma chumba cha pili, mzima, na miguu yote miwili, na yeye alimshukuru Mungu kwa hilo na papo hapo akaona haya kumshukuru.

Jumapili alikwenda shuleni kupiga kura. Alizungushia duara namba ya wapinzani na kukikunja kikaratasi, kama alivyokuwa amewaambia wote atafanya. Alingoja ajisikie mwepesi kidogo, asijisikie. Momir, nyuma ya meza, alimwonyesha kwa kidole mahali marehemu mumewe alipokuwa ameshasaini asubuhi na mapema. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake wa siku za uhai.

Wageni wa ng'ambo hawakuondoka. Mgeni wa slava haondoshwi, na wao hawakuwa na pa kwenda. Jumatatu wakazi wa jengo walikutana kwenye ngazi kuzungumzia jambo hilo. Mwangalizi wa jengo alisema hawaogi wala hawapiki, kwa hiyo hawataongeza bili ya maji. Mke wa daktari wa meno alilalamika kwamba hawezi kukung'uta zulia vumbi mzee akiwa juu yake, akashauriwa akung'ute pembeni. Watu wakatawanyika wakiwa wameridhika.

Matokeo yalisemekana kuwa tayari jioni hiyo. Waliokuwa madarakani walikuwa madarakani.

Vidosava aliingia bafuni na furushi la mashuka machafu. Terezija alikuwa pale pale ukingoni mwa bafu, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Sogea kidogo, dada," Vidosava alisema.

Terezija alikusanya magoti yake. "Weka sabuni kidogo tu. Ukizidisha inavujia chini."

Vidosava aliweka kidogo. Alibonyeza, maji yakaanza kuingia, na kwenye kelele hiyo aliinama mpaka karibu na sikio lenye vumbi. "Ni yako," alisema. "Najua ni yako. Nilijua siku ileile ilipoletwa."

"Mimi pia najua," Terezija alisema. "Waambie wao."

"Na wao wanajua!"

"Basi itakuwa rahisi."

Mlango wa nje ulifunguliwa bila kubishwa, stuli zikaburuzwa sakafuni, nyingi kuliko siku zote, na sauti ya Olgica ikaita, "Vida! Njoo bwana, wanasoma matokeo, tumekuja na majirani wa jengo la pili!" Vidosava alijifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama mgeni wake, na mgeni wake alimtazama yeye, bila lawama, kama watu wanaosubiri nguo zimalizike. Kisha alitoka, akaurudisha mlango wa bafuni taratibu ili mashine isisikike, akaenda jikoni kuwaeleza majirani jinsi taifa zima lilivyokosa haya.