Kilima cha Mkwe

Beryl alishuka kwenye baiskeli, akaisukuma hatua chache, kisha akaketi juu ya jiwe na kuvua kofia ngumu. Nyuma yake, wenzake waliokuja naye kutoka Sirari walikuwa wamelala chali majanini, baiskeli zao za bei mbaya zimetupwa ovyo kama kuni. Kilima cha Nyankende kilikuwa bado nusu.

"Mzee Werema," aliita akihema, "hii mlima itatumaliza! Wageni wakifika hapa watalia, nakuambia."

Werema alikuwa ameshafika juu. Alikuwa mtu mwembamba, mvi zimeanza kumwingia, mwenye miguu iliyokakamaa kwa kazi, na kile kilima alikipanda akiwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli, anapiga mluzi. Tusiseme uongo: alifurahi kidogo kuwaona vijana wale wamelala. Lakini alikuwa mtu wa huruma, akashuka kuwapelekea maji.

"Mkizoea ni kilima kidogo tu," alisema.

"Tumekipanda mara ngapi sasa? Hatuzoei." Beryl alikunywa, akajimwagia maji mengine kichwani. "Sikia, mzee. Jumamosi wageni wanakuja. Kama hakuna njia ingine ya kupita hapa, tutaacha huku Tarime kabisa. Tutawapeleka kwa gari mpaka Mugumu, waendeshe kule kando ya bwawa la Manchira, basi. Pole, lakini ndiyo hivyo."

Werema alifunga chupa ya maji. Kuwapeleka kwa gari maana yake ni kwamba hawatamhitaji tena.

Na alitaka kuhitajiwa, jamani. Ujana wake wote alikuwa amebeba ndizi kwa baiskeli kutoka milimani mpaka sokoni Tarime, mikungu imepangwa nyuma hadi yeye mwenyewe haonekani, akisukuma kwenye mwinuko na kuomba Mungu kwenye mteremko. Kisha zikaja bodaboda. Baiskeli yake ikatundikwa ukutani nyuma ya jiko, kuku wakaifanya kitanda, naye akarudi shambani kama watu wengine na kuanza kuzeeka. Halafu siku moja huyu binti wa kina Odongo akatokea kijijini Nyarero akiuliza nani anajua njia zote za vumbi na za msituni, kuanzia hapo mpaka ng'ambo ya mto Mara, kwa sababu kuna watu duniani wanaopanda ndege waje kuendesha baiskeli kwenye changarawe. Kila aliyeulizwa alimtaja Werema. Beryl akamletea baiskeli nyepesi yenye matairi manene, na usiku ule Werema hakulala kwa furaha. Aliamka mara kwa mara kwenda kuitazama.

"Mbona kwenye simu naona kuna njia hapa chini?" Beryl alimwonyesha kioo. "Inazunguka kilima chote, tambarare kabisa. Inapita tu kwa hii boma moja."

"Hiyo haipitiki."

"Kuna nini? Daraja limevunjika?"

"Hapana."

"Chatu?"

Werema alitazama pembeni. "Kuna mtu," alisema.

Beryl alimwangalia, akaangalia ile picha ya boma, mji mdogo wa familia moja wenye zizi na migomba, akaangalia kilima. Hakuwa mtoto wa Ulaya. Kwa Waluo nako kuna mambo hayo.

"Mzee," alisema polepole, "usiniambie hapo ni kwa mama mkwe wako."

Werema aliinama kukagua cheni ambayo haikuwa na shida yoyote.

Sasa, Mkurya na mama mkwe wake ni habari ndefu. Hampi mkono, haketi naye, hamkodolei macho. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Lakini barabara ni barabara, na wakwe wengine hupita mbele ya miji ya mama wakwe zao wametazama mbele, maisha yanaendelea. Werema angeweza kuwa hivyo, isipokuwa kwa balaa lililompata mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikuwa anatelemka na mzigo wa ndizi, breki zikakatika, na baiskeli ikamwingiza moja kwa moja katika mji wa Mokami, mama wa mkewe Scholastica, aliyekuwa ameinama anakamua ng'ombe. Ndoo ilipinduka. Ng'ombe alikimbia. Mkwe alitua kifudifudi miguuni pa mkwewe, na suruali yake ilikuwa imechanika nyuma kuanzia mkanda kushuka chini.

Tangu siku ile Werema alipanda Nyankende. Na ndizi, bila ndizi, mvua, jua, alipanda. Alipoombwa kuonyesha njia ya wageni, hata hakuwaza. Miguu yake iligeuka yenyewe kuelekea kilimani.

Jioni alimweleza mkewe. Scholastica alikuwa anapepeta mtama, akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Yaani mzungu atoke kwao huko aje afie kilimani kwa sababu ya suruali yako!"

"Si mchezo, Scholastica."

"Mama kila siku ananiuliza, huyo mume wako nilimkosea nini? Yuko peke yake pale, anasikia tu kwamba kuna watu wa baiskeli, hawaoni. Amezeeka, mura. Unajua ana miaka mingapi mbele yake?"

Hilo lilimchoma. Ugali ukaletwa, akanawa mikono.

"Halafu wametupa sare," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kaptula. Zinabana mpaka hapa. Nipite mbele ya mama nikiwa hivyo?"

Scholastica alitaka kucheka tena, akamwona uso wake, akaacha. Alimpenda huyu mtu kwa ujinga wake wote.

"Nenda kamwombe ruhusa kwa niaba yangu," Werema alisema. "Akikataa, nitamwambia Beryl watafute mtu mwingine. Sitapita pale kama mwizi."

Ijumaa Scholastica alikwenda kwa mama yake na hakurudi. Simu yake haikupatikana. Kule bondeni mtandao ni wa kubahatisha. Werema alilala bila jibu na kuamka bila jibu.

Jumamosi wageni walifika Nyarero wakiwa wekundu, wenye furaha, wakimsalimia kila mbuzi. Beryl alimpa Werema shikamoo, kisha akamtazama kuanzia juu hadi chini. Mzee alikuwa amevaa kaptula ya sare, na juu yake koti la suti aliloolea, limefungwa vifungo vyote, likimfika karibu na magoti.

"Mzee, utachemka na hilo koti."

"Nitachemka," alikubali Werema.

Walipita mashamba ya kahawa na mihogo, wakaingia msituni, barabara nyekundu ikipinda chini ya miti. Werema aliongoza. Jasho lilimtiririka ndani ya koti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani safari ya baiskeli iwe ndefu zaidi. Kisha njia panda ikafika: kushoto Nyankende, kulia kwa Mokami. Scholastica hakuwepo pale. Hakukuwa na ujumbe wowote. Nyuma yake alisikia breki, na Beryl akisema kwa upole, "Wewe ndiye unajua, mzee. Tukipanda, tunapanda."

Werema alikamata usukani. Alikumbuka swali la mama: nilimkosea nini? Akakata kulia.

Mji ulitokea ghafla nyuma ya migomba. Uwanja ulikuwa umefagiwa hadi barabarani, na Scholastica alikuwa amesimama na chungu cha uji na vikombe, akiwaonyesha wageni pa kukaa. Katikati ya uwanja, kwenye kigoda, aliketi Mokami. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Mgongo wake ulikuwa umegeukia barabara, na mbele yake ndama alikuwa amefungwa kwenye kigingi.

Werema alishuka, akasimama mbali, macho chini.

"Wewe ndama," alisema Mokami kwa sauti kubwa, akimtazama ndama. "Naona kuna watu wamekuja. Mkwe wangu yumo?"

Werema naye alimgeukia ndama. "Ndama," alisema, "mwambie mama yumo. Shikamoo yake."

"Marahaba. Ndama, mwulize mkwe wangu kama anajua kwamba nina masikio." Kigoda kililia kidogo. "Kila siku ya soko nilikuwa nasikia baiskeli kule juu. Nikisikia mtu anakohoa na mzigo wake, najua ni yeye. Nikasema, huyu mtu ananiheshimu. Halafu nikasema, huyu mtu atakufa kwa kuniheshimu. Nilikuwa sili mpaka nisikie amefika juu, anaanza kutelemka. Mwambie hivyo."

Ndama alitikisa sikio. Wageni walikuwa wametulia na vikombe mikononi, hawajaelewa neno, lakini hakuna aliyecheka.

"Ndama," Werema alianza, akifuta jasho kwa mkono wa koti. "Mwambie mama nilikuwa sijui."

"Sasa amejua. Hapa ndipo pa kupita."

Beryl aligeuka upande akajifanya anabonyeza simu, huku anapangusa macho kwa mkono wa glavu.

Walipomaliza uji, Werema aliwatanguliza wote na kubaki wa mwisho. Alipanda baiskeli kimya, bila kusema kwaheri, maana kwaheri ingekuwa ya kuambiana ana kwa ana. Kutoka pale njia iliteremka taratibu kuelekea mtoni, laini, haina jiwe. Wenzake walikuwa wameshaachia breki, wakipiga kelele za furaha kule mbele.

Nyuma yake alisikia kigoda kikiburutwa kwenye udongo, kikigeuzwa kuelekea barabara.

Werema hakugeuka. Alifungua vifungo vya koti, akakaza mgongo, akabana breki kidogo ili baiskeli iende polepole, polepole sana, mama amtazame mpaka atosheke.