Beseni la Mama Lafika Ng'ambo

Asubuhi ya Jumatatu, binti aliyekwenda ng'ambo kusomea masuala ya wakimbizi alitoka chumbani kwake bwenini, mswaki mdomoni, akalikuta beseni la mama yake kwenye korido, karibu na mlango wa bafu. Lilikuwa beseni la bluu lililopasuka ubavu likashonwa kwa uzi wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na jiwe la kulizuia lisipeperushwe na upepo. Mbele yake palikuwa na dumu la njano lisilo na kifuniko. Nyuma yake ilifuata ndara moja ya mguu wa kushoto, kisha kiti kisicho na mgongo, kisha matofali, makopo na sufuria, vyote vimejipanga mpaka mwisho wa korido, vikashuka ngazi na kupotelea barabarani.

Alisukutua kwanza. Kisha akapiga simu.

"Mama, beseni lako liko huku."

"Nilijua tu litafika. Halijavunjika?"

"Halijavunjika. Jirani yuko nyuma yako na ndara yake."

"Huyo tumeongozana tangu mwanzo. Muungwana sana."

Kambini, anakoishi mama, hakuna anayeweza kusimama kwenye foleni kutwa nzima. Mtu ana watoto, ana kuni, ana mambo yake. Basi unaweka kitu chako, unakwenda zako, na anayepita akiona pengo anakisukuma mbele. Foleni ya maji huisha jioni. Foleni ya kibali cha kuhamia ng'ambo haikuwa imewahi kuisha, na mama alipoweka beseni lake binti alikuwa bado hajaota meno ya mbele. Tangu hapo ilikuwa inasogea pole pole, ikatoka getini, ikavuka mpaka, na kumbe ilivuka hata bahari. Binti mwenyewe alikuja kwa njia ya mkato: alifaulu mtihani akapewa ufadhili, na ufadhili huo ulikuwa wa kumfundisha jinsi wakimbizi wanavyoishi.

Chuoni hakuna aliyeshtuka. Matroni wa bweni aliomba tu njia ya bafuni iachwe wazi. Profesa alifurahi mno, akahamishia darasa koridoni. Mwanafunzi mmoja alishauri vitu vipangwe upya kwa ukubwa ili picha zitoke vizuri. Binti alimtazama kana kwamba atamla mbichi, na wazo likaishia hapo.

Foleni ilipita chumba cha kufulia, ikakata bustani, ikaingia ofisi ya misaada iliyotazamana na maktaba. Humo mlikuwa na dirisha la vibali. Binti akaanza kukosa vipindi. Kila alipofumba macho aliona kitanda cha pili chumbani mwake na mama yake amekaa juu yake anakosoa mapazia. Alimtaka mama yake mpaka kifua kikamuuma. Alinunua hata mapazia mengine, kupunguza maneno.

Siku beseni lilipofika dirishani, binti alisimama kando yake amevaa nguo zake za kutokea. Karani akachungulia.

"Mwenye beseni yuko wapi?"

"Kambini."

"Aje mwenyewe."

"Hana kibali cha kuja."

"Kibali kinatolewa hapa," alisema karani bila ubaya wowote. "Akija atakipata, hata leo."

Binti aliyageuza maneno hayo kichwani akitafuta pa kuingilia, hakupaona. Karani akaligusa beseni kwa rula. Likageuka, likampisha mtu mlangoni, likaondoka kwenda nyuma ya foleni. Nyuma ya foleni ni kambini.

Alilia hapo hapo mbele za watu, kamasi na yote. Profesa alimpa kitambaa, akamwambia aandike juu ya jambo hilo. Akaandika, akaongoza darasa. Karani naye alikwenda likizo, likizo ikaunganika na kustaafu, foleni ikasimama ikimngoja mrithi. Ofisi ilitaka mtu anayeielewa foleni, ikampa binti kazi pale pale dirishani.

"Likifika tena, mama, utanikuta mimi."

"Usije ukanirusha foleni. Nina majirani, mwanangu. Wataniona vipi?"

"Sikurushi. Nitabadilisha utaratibu tu."

"Haya. Ule vizuri."

Siku ya kwanza alipewa rula na kiti cha kuzunguka. Msimamizi alisimama nyuma yake. Dirisha lilipofunguliwa, kitu cha kwanza kilikuwa ndara ya mguu wa kushoto, peke yake. Binti aliijua vizuri. Iliwahi kumchapa alipokuwa mdogo, na kwa haki.

"Mwenyewe hayupo," alisema msimamizi. "Unajua cha kufanya."

Binti akauliza kama utaratibu unaweza kubadilishwa. Msimamizi akasema bila shaka, akamwonyesha vikombe vya chai vya wafanyakazi vilivyopanga foleni kando ya ukuta hadi mlango wa mkurugenzi, vingine vimeota ukungu. Hata yeye anaruhusiwa kuweka chake. Binti akaweka kikombe chake mwisho. Kisha akarudi kitini, akaigusa ndara kwa rula, taratibu, na ndara ikageuka.

Jioni mama akapiga simu.

"Ndara ya jirani imerudi," alisema. "Anakusalimu sana. Anasema safari hii imesukumwa kwa adabu, inaonekana dirishani pamekaa mtu aliyelelewa."