Kitochi Kilichokwenda Japani

Nilishuka Tunduma na hasira zangu zote, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Ambilikile, fundi simu aliyeniuzia kile kitochi, kisimu changu kidogo cha vibonyezo na tochi. Wala sikumsubiri anisalimie.

"Wewe! Umeniuzia kimeo! Mwanangu Fortunata nimempa kile kitochi aende nacho Japani kusomea ufundi, na tangu apande ndege sijasikia hata pumzi yake!"

Na kile kitochi si cha kubezwa jamani. Kilitumbukia kwenye pipa la kuoshea kahawa, nikakianika, kikawaka. Nilikwenda nacho Ivuna kufuata chumvi, wenye simu janja wakawa wanazunguka wameinua mikono wanatafuta mtandao, mimi naongea tu. Ndiyo maana nilimwambia mtoto, chukua hiki, hakimtupi mtu. Sasa kila nikifumba macho naiona ndege baharini. Kahawa imeiva shambani Iyula, nami sina hata mikono ya kuichuma.

Ambilikile akacheka. Nusura nimzabe kibao.

"Shikamoo kwanza, mama. Kitochi ni kizima, ila kule hakisikii. Kila nchi imejipangia mawimbi yake hewani, na simu inasikia yale tu iliyotengenezewa. Ya kitochi, Japani hayapo kabisa. Hebu nione hiyo uliyonayo."

Nikaitoa. Lo! Imeshapokea ujumbe wa kunikaribisha Zambia, na mimi hata mpaka wenyewe sijauvuka.

"Umeona? Mawimbi ya Wazambia na yetu yanapatana, ndiyo maana inarukia kwao bila kuuliza. Hapo ulipokaa, mama, zinapita sauti za nchi mbili. Zinapita kwenye ukuta, hata mwilini mwako."

"Mwilini mwangu?"

"Mwilini mwako."

Nikajishika kifua. Mungu wangu! Watu wanagombana, wanabembelezana, wanauziana mahindi, wanapeana habari za misiba, wote wanapita katikati ya mbavu zangu na sina habari! Hasira ziliniisha palepale kwenye stuli. Nilitaka kumuuliza kama na sauti ya Fortunata inaweza kuwa imo, nikaona haya.

Ambilikile alikuwa anabonyezabonyeza simu yangu. "Mama, hii namba inayoanza na jumlisha nane moja, mbona umeikata mara nyingi hivi?"

"Matapeli hao! Namba ndefu hivyo ya nani? Wataniambia nimeshinda gari."

"Mama. Hiyo ndiyo Japani."

Nilipiga yowe, muuza chipsi wa jirani akaja mbio. Ambilikile akaipiga ile namba, akaniwekea simu sikioni. Ikaita.

"Mama! Shikamoo! Mbona unanikatia?"

Nililia, nikamgombeza, nikamshukuru Mungu, vyote kwa pamoja. Yuko salama. Anakula. Hiyo simu ni ya mwenzake wa hosteli. Sauti yake ilikuwa ileile, na nilimsikia hata akivuta makamasi. Imepita nchi ngapi, bahari ngapi, imefika bado ni yake!

"Hicho kitochi kitupe," nikasema. "Kimeniaibisha."

"Sikitupi, mama. Kwa kuwa hakikushika mtandao wa huku, saa yake haikubadilika. Bado inasoma saa za Iyula. Na ile alamu yako ya alfajiri hukuitoa. Ikilia, huku jua liko juu, niko karakana. Mwalimu ameshaizoea. Nasema moyoni, sasa mama anaamka, anafunga kanga, anakwenda kuwasha moto."

Ambilikile akageukia ukutani, akajifanya anatafuta bisibisi.

Alfajiri ya kesho yake alamu ya simu yangu ililia. Siku zote huizima upesi. Siku hiyo niliiacha ilie mpaka ikanyamaza yenyewe, nikakaa kitandani, mkono kifuani.

"Nimeamka, mwanangu," nikasema, kisha nikafunga kanga.