Niliyoyasema kwa Sufuria

Mkwe wangu alipika bia mara tatu, na mara zote tatu alitumia sufuria yangu. Nalisema hilo mapema, asije mtu akaniuliza niliingiaje kwenye mambo ya pombe, mimi ambaye hata harufu yake hunipa mafua. Sufuria yangu, jiko la binti yangu, na ndoo ya kuchachushia ikawekwa chumbani kwangu, eti ndicho chumba chenye giza na ubaridi. Hakuna aliyeniuliza kama mimi napenda giza na ubaridi.

Mkwe ni fundi wa plasta. Alianguka kwenye ngazi, bega likateguka, na tangu hapo yuko nyumbani. Mwanamume wa kazi akikaa nyumbani ni kama jogoo ndani ya kapu. Alianza kutengeneza kabati. Hadi leo halina mlango. Akajenga banda la kuku. Kuku wenyewe hawajafika. Binti yangu anafua mashuka ya hospitali mchana kutwa, akirudi anakalia misumari kwenye kochi. Ndiye aliyempa mumewe jina la Injinia, na si kwa kumsifu.

Sasa, kaka yake Mkwe ana machimbo ya mawe, safari ya siku nzima kwa basi. Akapiga simu: njoo ukae getini, uwafungulie malori. Mkwe hakutaka. Binti yangu naye hakutaka, ila mdomo wake na moyo wake havikai nyumba moja. Alisimama mlangoni, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, akasema:

"Injinia, maliza kitu kimoja. Kimoja tu! Kianze, kiishe, nikione. Ukishindwa, panda basi uende kwa kaka yako."

Nilikuwa nachambua mchele. Mimi mume wangu alifanya kazi mbali, akaishi nami kwa kuja na kuondoka, na watoto walikuwa wakimwamkia kama mgeni. Basi nikaomba kimoyomoyo Mkwe achague kitu chepesi. Kigoda. Kamba ya kuanikia nguo.

Akachagua bia.

Alijifunza kwenye simu, kwa mwalimu mmoja mwenye ndevu aliyesema haraka kama anafukuzwa. Akanunua kimea, yaani ile shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, akanunua maua machungu ya pakiti, na hamira maalumu kwenye kipakiti kidogo kama cha dawa ya minyoo.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi na Mkwe hatusemezani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Yeye ananiita Mama huku anaangalia sakafu. Mimi namwita Baba huku naangalia dirisha. Mkwe na mama mkwe ni vyumba viwili vyenye ukuta mmoja: unagonga, hubomoi. Kwa hiyo nikimwona anakosea, naiambia sufuria. Anasikia, anajirekebisha, na hakuna aliyemkosoa mwenzake. Kwa mambo ya chumvi na moto njia hiyo ilitufaa miaka yote. Kwa bia, ilituumbua.

Mara ya kwanza aliloweka kimea kwenye maji ya moto, akachuja, akayachemsha yale maji matamu pamoja na maua. Jiko zima likanuka majani yaliyonyeshewa. Kisha, sufuria ingali inafuka mvuke, akashika kipakiti cha hamira, akataka kukichana kwa meno. Bia siijui, lakini mkate nimekanda tangu usichana. Hamira ni kitu hai. Ukiitia kwenye moto, umeipika.

"Wewe sufuria," nikasema, "tulia kwanza. Una moto bado, na kuna mgeni anataka kuingia. Akiingia sasa atakufa."

Mkwe akashtuka, akaweka kipakiti mezani. Nikasema moyoni, kumbe ana akili. Akaenda sebuleni, nikasikia viti vinaburutwa. Kuchungulia, namwona anafagia. Ameondoa misumari kwenye kochi, amevaa shati safi, amefungua madirisha yote.

"Mama," akaiambia sakafu, "huyo mgeni anafika saa ngapi? Na hiyo habari ya kufa... ni mgonjwa?"

Ningejibu nini? Kumwambia mgeni ni hamira ni kumwita mjinga usoni. Nikasema, "Ameghairi."

Akamshukuru Mungu, akarudi jikoni. Akaikuta sufuria imeanza kupoa vizuri, akaogopa vijidudu, akaiwashia moto tena. Halafu ndipo akatia hamira.

Ile ndoo ilikaa chumbani kwangu kimya kama shimo. Binti yangu aliimwaga kwenye mfereji bila kusema neno, na yeye asiposema neno ndipo pa kuogopa.

Mara ya pili maji yalipoa yenyewe kwa sababu umeme ulikatika. Hamira ikawa hai. Mpira mwembamba ulitoka kwenye mfuniko wa ndoo ukaingia kwenye chupa ya maji, hewa ikawa inatoka blup, blup, kama mtoto anayekunywa uji kwa pupa. Nilivumilia. Aliyenishinda ni Mkwe. Nikigeuka, yuko mlangoni.

"Hodi, Mama. Sijasahau miwani yangu humu?"

Hana miwani. Hajawahi kuwa na miwani.

"Hodi, Mama. Nasikia kama kuna panya."

Akiingia anafungua mfuniko, ananusa, anatumbukiza kijiko alichotoka kukilamba. Nikauambia mfuniko, "Wewe mfuniko, aliye ndani anaoga. Mtu mzima hafunguliwi mlango akiwa anaoga."

Mkwe akaitikia kwa kichwa, eti ameelewa. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua ndoo, akawa anaigonga kwanza.

Bia ikachacha, ikawa siki tupu. Jirani yetu fundi cherehani alionja, jicho lake moja likajifunga lenyewe. "Injinia," akasema, "nigawie chupa. Hii itang'oa kutu kwenye pasi yangu."

Binti yangu hakucheka. Alishusha begi la safari kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliweka karibu na mlango.

"Kimea cha kupika mara moja kimebaki," Mkwe akamwambia.

"Na basi lipo kila siku," akajibu. Lakini nilimwona akikunja shati la mumewe, analikunjua, analikunja tena, kama mtu asiyetaka shati liishe kukunjwa.

Mara ya tatu nilijiketisha jikoni tangu mwanzo. Mkwe alifanya kila kitu sawasawa mpaka pale pale penye ubaya. Mvuke unapanda, na yeye huyo, kipakiti mdomoni.

"Wewe sufuria..." nikaanza.

Akaitazama sufuria. Akautazama mlango. Macho yakaanza kutafuta ufagio.

Jamani, subira yangu ni ndefu, lakini ina mwisho kama uzi wowote.

"Baba! Acha! Weka hiyo hamira chini! Maji ni ya moto, utaiua!"

Aliweka. Akainua uso, akanitazama, nami nikamtazama. Nikaona ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote hiyo sikulijua.

"Kumbe mgeni ni hamira?"

"Ni hamira."

"Na yule anayeoga?"

"Hamira hiyo hiyo."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama, mimi nilikuwa nagonga."

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema!"

"Uliiambia sufuria!"

Nilidhani kusema usoni kutanipumzisha. Wapi! Mtu aliyekuwa haniulizi kitu sasa akawa ananiuliza vyote. Tuliikalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, akaanza: "Mama, imepoa?" Gusa. "Nimeosha kidole?" Nitajuaje mimi! Hamira ilipoingia, nilifunga chumba changu, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Akahamia mlangoni.

"Mama, anapumua?"

"Anapumua."

"Anapumuaje?"

"Baba, nenda katengeneze mlango wa kabati."

Akaenda, akarudi na bisibisi. "Mama, bado anapumua?"

Ilipotulia tukajaza chupa. Mwalimu wa simu alisema kijiko cha sukari kila chupa, ili povu lije. Hakusema kijiko gani. Mimi ndiye niliyetia sukari, na kijiko kilichokuwa karibu kilikuwa cha kulia wali. Chupa zilipasuka chini ya kitanda changu moja baada ya nyingine, viatu vyangu vya kutokea vikaoga bia. Mkwe alitambaa chini ya kitanda, beseni amelivaa kichwani, akaokoa chache. Hakunilaumu. Alisema tu, "Sufuria, mwambie kijiko asirudie tena."

Binti yangu alirudi akatukuta tumelowa wote wawili. Begi liko pale pale mlangoni. Mkwe akafungua chupa, nusu ikarukia dari, nusu ikaingia kwenye bilauri. Binti yangu akaonja. Akaonja tena, povu limemshika puani.

"Inakunywika," akasema.

"Basi nimemaliza?" Mkwe aliuliza kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Hujamaliza. Kuna vigae vya chupa chini ya kitanda cha mama, dari linadondosha bia, na sufuria haijaoshwa." Akanywa iliyobaki. Kisha akalibeba lile begi, akalirudisha juu ya kabati lisilo na mlango.

Mkwe alisugua sufuria mpaka ikang'aa, akaniletea kwa mikono miwili. Nikaipokea. Hakuiachia.

"Mama," akasema, safari hii akinitazama usoni, "yule mwalimu anasema mvinyo wa nanasi ni rahisi zaidi."

Nikainama kwenye sufuria yangu. "Wewe sufuria," nikainong'oneza, "kimbia."

Safari hiyo Mkwe alielewa mara moja. Akaikamata sufuria kwa nguvu zaidi.