Vidole vya Chiriku

Mwana wa wifi yangu tulimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake. Akiingia kwenye banda la kufinyangia, hata udongo ulikosa usingizi. Mama yake ni mtu wa maneno machache, na vyungu vyake ukivipapasa ni laini kama yai.

Chiriku alikuwa na haraka. Akishavuta shingo ya chungu anakiweka chini, alama za vidole vyake vinne zimejipanga chini ya mdomo. Mama yake anapita nyuma na kokoto lililoloweshwa, analainisha.

"Mama, unanifuta tena!"

"Nakufundisha."

"Shangazi, mwambie wifi yako! Mteja atajuaje kama ni mimi?"

"Atasikia kelele," nikamwambia.

Homa ilimchukua ghafla. Baada ya mazishi tulikikuta chungu chake cha mwisho kwenye kona ya banda, kimefunikwa nailoni, bado kibichi, na zile alama shingoni. Wifi aliweka vidole vyake juu ya alama hizo. Havikuenea, vyake ni vinene.

"Hiki silainishi," akasema. "Nakichoma hivihivi, nibaki na mkono wake."

Akakiacha kivulini kikauke taratibu. Kilipoanza kukauka, ukatokea ufa mwembamba mdomoni. Chungu kikiingia motoni na ufa, kinapasuka. Ikabidi auzibe. Akakipakata kama mtoto anayeogeshwa, akalowesha kokoto, akawa anaugusa ufa tu, kidogokidogo.

Nikataka kumpunguzia majonzi.

"Wifi, unakumbuka alivyobishana na muuza kuni, mpaka yule baba akaondoka na kuni akaacha shoka?"

Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

"Na Chiriku akamkimbilia nalo amrudishie!" akasema. "Kijiji kizima kikadhani anataka kumuua!"

Akacheka mpaka akafumba macho, machozi yanamtoka. Nami nilikuwa namtazama usoni, nimefurahi mno. Mkono wake sikuutazama. Ulikuwa unazunguka wenyewe, kama unavyozunguka siku zote.

Alipofumbua macho, shingo ilikuwa laini.

Alikigeuza chungu huku na huku, akakisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaingiza mkono na ndani. Kisha akanipa.

"Hebu angalia wewe, wifi. Macho yangu siku hizi hayana nguvu."

Niliangalia muda mrefu, maana nilijua nikimaliza kuangalia nitatakiwa kusema.

"Hazipo, wifi yangu."

Tulikichoma. Kilitoka chekundu, hakina ufa, ukikigonga kinalia. Amekiweka ndani, karibu na kitanda. Wanaoingia hukisifu na kuuliza bei.

"Hakiuzwi. Ni cha mwanangu."

Nao hukigeuza, wakakipapasa, wakashangaa.

"Mbona ni kama vyako tu?"