Kibuyu Kimoja, Mrija Mmoja

Asubuhi ile Nélida hakukalika. Alikaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga, utadhani kuku anatafuta pa kutagia. Kampuni yao ya bima ilitaka jibu lake kabla ya mchana: abaki kufanyia kazi nyumbani moja kwa moja, au apewe meza ofisini. Tangu korona iwarudishe watu majumbani, meza yake ilikuwa ya jikoni, naye mjane, akipiga chafya hana hata wa kumwambia afya. Alitaka ofisi. Ila kwanza akaione kama bado ipo.

Akabeba chupa ya maji moto na kibuyu chake cha yerba, yale majani machungu yanywewayo kama chai. Zamani kibuyu hicho kilizunguka ofisi nzima, mrija mmoja wa chuma, kinywa kwa kinywa, na mmiminaji ni yeye. Mimba, talaka, matanga, habari zote za Montevideo zilipitia hapo.

Alikuta watu wachache, wametawanyika kama meno ya mzee. Kila mmoja na kibuyu chake, na hedifoni masikioni. Kumbe wote wamo katika kikao kimoja, wanatazamana kwenye kompyuta, na wamekaa pua na mdomo!

Nélida akajaza kibuyu, akampa Wáshington, mwenzake wa meza wa siku zile.

"Shika, we babu. Chungu kama unavyoipenda."

Wáshington akautazama mrija kama nyoka. "Dada yangu, mwenzio nina changu. Siku hizi kila mtu na chake."

"Miaka yote umekunywa kwangu, ulikufa?"

"Sikufa, ndiyo maana nataka niendelee!" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Sema polepole, wakubwa wanasikia."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Yerba ikapoa mkononi mwa Nélida. Akamwandikia mkubwa wake neno moja: nyumbani.

Nyumbani nako hakukalika. Akazunguka meza, akazunguka tena. Nyuma ya ukuta jirani yake Dorval, bwana mmoja mnene, alikuwa akipiga kelele kikaoni kwenye kompyuta kama kila siku: "Mnanisikia? Jamani, mnanisikia?" Miaka yote ile, wakikutana ngazini, walitikisiana kichwa tu, basi.

Jifya moja haliinjiki chungu. Nélida akachemsha maji upya, akabeba kibuyu, akakokota na kiti chake, akagonga.

Dorval akafungua, juu shati la kikao, chini kaptura ya kulalia.

"Nakusikia," Nélida akamwambia.

"Wee! Samahani mama, nimekusumbua?"

"Sikuja kugomba. Nimechoka kufanya kazi na ukuta. Leo nakaa kwako, kesho uje kwangu. Kunywa kwanza."

Dorval akautazama mrija. Bwana yule akaufuta kwa pindo la shati, akasita, akauangalia tena, kisha akavuta mpaka kibuyu kikakoroma.

"Lo, mama! Chungu hii!"

"Utazoea. Lete, zamu yangu."