Weupe wa Jicho la Kushoto

...na kidevu kiweke hapa, paji la uso liguse huu ukanda, usirudi nyuma, anasema daktari Shitanda, na mimi nimeshaweka, nimeshagusa, ningerudi nyuma niende wapi, nyuma yangu amesimama Mama, mkono wake uko begani mwangu, mkono unaonuka mafuta ya samaki hata baada ya sabuni, na mbele kuna hii mashine na taa yake nyembamba kama wembe, inaingia jicho la kushoto inanichoma mpaka kisogoni, fungua, Aoko, fungua kidogo tu, nafungua, machozi yanamwagika yenyewe, mimi silii, ni jicho linalia, mimi nililia nikamaliza kule nyumbani Obunga, chini ya blanketi, dirisha limezibwa kwa leso mbili ili mwanga usipite... "Kidonda kiko katikati kabisa," daktari anamwambia nesi, "na kuna duara jeupe linakizunguka," anasema polepole, kama mtu anayesoma bango la mbali, na Mama nyuma yangu anasema Nyasaye, Mungu wangu, na vidole vyake vinanibana bega... "Lenzi zako za machoni ziliwahi kugusa maji?" ananiuliza, maji gani, daktari, huku kwetu maji yako kila mahali, lakini najua maji anayouliza, nayajua mpaka ubaridi wake, maji ya tangi kule Awasi, tangi jeusi nyuma ya shule, mapumziko ya mechi, vumbi limeingia chini ya lenzi na kipindi cha pili kinaanza, nafungua begi natafuta dawa ya kusuuzia, kichupa kimepasuka, dawa yote imenywewa na glavu, na Caren, beki wangu, dada yangu wa uwanjani, ananisukuma, "Suuza na hayo ya tangi, we Aoko, si ni maji tu? Refa ametoka!", na kweli ni maji tu, yalikuwa meupe, yalikuwa safi, nilikunywa mengine... "Ndiyo," namjibu, "mara moja," na daktari hanigombezi, afadhali angenigombeza, anasema tu sawa. Mara moja. Kuna watu wanaoga ziwani kila siku ya Mungu, wanafua, wanaosha magari na macho yao wanayo... Kiragu alinikataza, yule fundi wa miwani mjini aliyenipima, alikaa nami asubuhi nzima, akanivisha lenzi, akanichungulia kwa mashine kama hii, pepesa, tena, akafurahi, imekaa vizuri, akasema, ukipepesa inasogea kidogo halafu inarudi, haibani, hailegei, hivyo ndivyo tunataka, na hizi ni laini, msichana, ni laini kwa sababu zimeshiba maji, ni kama sifongo, chochote utakachoziwekea zitakinywa, kwa hivyo bomba hapana, ziwa hapana, mate hapana, na usilale nazo, jicho linapumua hewa kama wewe, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, huku naangalia nje kupitia mlango wake, kwa sababu upande wa pili wa barabara kulikuwa na mti na mti ulikuwa na majani, jani moja, jani jingine, maisha yangu yote mti ulikuwa kitu kimoja cha kijani, na uwanjani jioni ile mpira ulikuja na nyuzi zake, niliona nyuzi zikizunguka hewani, nikaudaka kama mtu anayepokea mtoto, kocha Waswa akapiga makofi peke yake kwenye vumbi, "Sasa nina kipa!"... "Angalia juu," anasema daktari, "nakutia dawa ya ganzi, itawasha kidogo," inawasha, halafu haiwashi, halafu, ee Mungu, maumivu yanaondoka, yote, kama mtu amezima redio ya jirani, nilikuwa nimesahau kichwa bila maumivu kikoje, na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu sasa naweza kufikiri. Hata ile dawa ya kemisti ilianza hivi. Tulirudi kutoka Awasi na kikombe, nilikuwa nimepangua penalti ya mwisho, walinibeba, tukalala bweni la shule na nguo za mechi, nikalala na lenzi machoni, asubuhi jicho jekundu, Mama akasema ni moshi, ni huu moshi wangu wa kukaangia mgongo wazi, mifupa ya samaki, nyathina, mwanangu, usiwe unakaa karibu na karai, akahamisha jiko lake lote nyuma ya nyumba, wateja wakampotea, na yule wa kemisti akatazama kwa mbali akatoa matone, wekundu ukaisha, nikamwambia kila mtu nimepona, na leo daktari amesema hayo matone yalikuwa yanaficha ugonjwa tu, jicho lilikuwa linatulia huku mdudu anakula, mdudu hata haonekani, anaishi kwenye tangi, kwenye bomba, hana haja na mtu, mimi ndiye nilimfungulia mlango... simu inatetemeka kwenye mkoba wa Mama, ni Waswa, ni nani mwingine, majaribio ya soka Nairobi ni Jumamosi, anataka kujua kama akate tiketi, Mama haipokei, inatetemeka, inanyamaza, inaanza tena. Nitamwambia nini Waswa, juzi Caren alikuja nyumbani na chungwa, akasema tujaribu, hapa hapa ndani, gizani, nikafunika la kushoto nikasimama mlangoni, akanirushia, na chungwa likaja lakini halikuwa na umbali, lilikuwa dogo, dogo, halafu likawa mdomoni mwangu, tukacheka, damu kwenye meno, tukacheka sana, halafu Caren akakaa kitandani akajifunika uso, mabega yake yakawa yanaruka, na mimi ndiye nilimbembeleza, nikamwambia si wewe, ni maji... si yeye. Ni maji. Sijui kama aliniamini, sijui kama ninajiamini... "Nitakwangua kidogo hapo kwenye kidonda," anasema daktari, "tupeleke maabara, halafu dawa utatiwa kila saa, mchana na usiku, itachukua miezi," na Mama, Mama aliyekuwa akinong'ona maombi muda wote, anauliza kwa ile sauti yake ya kuongea na watu wa ofisi, "Daktari, lakini ataona tena?" na kiti cha daktari kinalia kidogo, na anasema, "Mama, kwanza tuliokoe jicho." Kwanza tuliokoe jicho. Nalisikia hilo neno linapita juu ya kichwa changu kwenda kwa Mama, na Mama analishika vibaya, anasema asante, Mungu akubariki, lakini mimi nimelisikia, jicho ni kitu kimoja na kuona ni kitu kingine, amevitenga kwa upole kama mtu anayetenga mifupa ya samaki kwa ajili ya mtoto, anataka kuokoa jicho ili libaki usoni, lijae mahali pake, nisiwe na shimo, hajasema kuona, hatasema... "Kabla sijaanza," anasema, anafunika jicho langu la kulia kwa kiganja, "hivi ni vidole vingapi?" na wiki zote hizi nimekuwa nikijibu viwili, kwa nesi wa zahanati, kwa Caren, kwa Mama kila asubuhi kitandani, viwili, watu wengi huonyesha viwili, mara nyingine nilipata na Mama akaimba siku nzima, na sasa mbele yangu kuna weupe, kama uji, kama ukungu wa Julai juu ya ziwa lakini hauondoki jua likitoka, na ndani ya weupe hakuna kidole, hakuna mkono, hakuna daktari, viwili, sema viwili, Mama anasubiri, nahisi anasubiri, ameacha kupumua... "Sioni vidole, daktari," nasema. "Naona weupe tu. Sijaviona tangu mwezi uliopita." Simu imenyamaza. Mkono wa Mama unaondoka begani, na bega linakuwa baridi, halafu unarudi, unarudi ukiwa mzito kuliko ulivyokuwa, na hasemi Nyasaye, hasemi moshi, na kwa mara ya kwanza tangu jicho hili lianze kuuma sitafuti la kumwambia, kidevu changu kiko pale pale, paji la uso limegusa ukanda, na daktari anasema tulia hivyo hivyo, usipepese, na ninatulia...